Nyumba Isiyopiga Shangwe

Nchi yenyewe siitaji. Nikiitaja utasema, "Ah, kumbe kwetu," halafu tutaponzana bure. Tosheka na haya: ina mito mitatu isiyokauka, ina gesi chini ya mchanga, na jua lake likishika saa sita, mbuzi anatafuta kivuli chini ya mbuzi mwenzake. Kwa neema zote hizo, serikali ya huko ikakaa kikao siku tisa, ikala kuku wasiohesabika, ikatoka na azimio moja: umeme haukatiki.

Hawakuazimia kwamba usikatike. Hilo lingetaka kazi. Waliazimia kwamba haukatiki, basi. Tangazo likasomwa redioni, na mitaa mingi haikulisikia, kwa sababu ambayo tangu siku ile ilikuwa haipo tena.

Likabaki tatizo dogo. Watu wa nchi ile walikuwa na mila yao, hakuna aliyewafundisha. Taa zikizimika wananyamaza, kila mtu na kiberiti chake. Zikiwaka ghafla, mtaa mzima, mkubwa kwa mdogo, aliye mezani na aliye msalani, wote hupaza sauti moja: "Uuuwiii! Umerudiii!" Sasa kinachorudi ni kile kilichoondoka. Neno likapigwa marufuku. Kelele zenyewe hawakuziua, maana serikali ile haitupi kitu kinachoweza kuwekwa kwenye ripoti. Zikapewa jina la Shangwe ya Taifa, neno la kushangilia likawa "Upooo!", na kila mjumbe wa nyumba kumi akakabidhiwa daftari la kuandika nani kashangilia na nani kabana mdomo.

Waziri wa Nuru, Mheshimiwa Daktari Lukumbulu, akayachukua madaftari hayo akaenda nayo ng'ambo kwenye mkutano. "Wananchi wangu," akasema, "wanaushangilia umeme mara nne, mara tano kwa siku. Nitajieni nchi nyingine ambayo watu wake wanaupenda umeme wao kiasi hicho."

Hawakuitaja. Akapewa ngao.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi Pazi Mwinyikondo, fundi wa magodoro ya sufi. Shule aliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe alilisomea dirishani. Lakini yapo mambo mtu hahitaji shule kuyajua, na moja ni uongo. Uongo unanuka kama sufi iliyoloa: hata ukiufunika na shuka mpya, anayelala juu yake anajua.

Miaka thelathini na mmoja alikaa na mkewe Siwatu, yeye akijaza magodoro, mke akiyashona midomo. Mungu hakuwajalia mtoto, akawajalia maneno, walikuwa hawaishiwi. Halafu vumbi la sufi likamwingia Siwatu kifuani, likakaa, na siku moja wakajikuta wodi namba tatu, Siwatu na mpira puani, na kando ya kitanda mashine ya hewa inayonguruma kama paka aliyeshiba.

Jumatano, magharibi, paka akanyamaza. Taa zikazimika.

"Mwinyi," Siwatu akasema. Ndivyo alivyomwita mumewe. "Mbona giza? Washa taa nikuone."

Pazi akajipapasa mifukoni. Hakuna kiberiti. Akakimbilia meza ya nesi, nesi naye anapapasa. Akakimbilia kwa mlinzi, mlinzi akamwelekeza dukani nje ya geti. Akarudi na mshumaa unaowaka, kiganja kimeukinga, na ule mshumaa ukamwonyesha kitu ambacho ingelikuwa heri asikione.

Alikuwa bado ameushika taa zilipowaka. Hospitali nzima ikalipuka: "Upooo!" Wagonjwa wa miguu, wagonjwa wa macho, mama aliyekuwa kwenye uchungu, wote. Hata nesi aliyekuwa akimfumba Siwatu macho alisema "Upo," kwa sauti ya chini, kwa kuwa karani wa daftari alikuwa amesimama mlangoni.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Andika umeme ulikatika," Pazi akamwambia.

"Mzee wangu, umeme haukatiki."

"Mashine ilizima nimeushika mkono wake."

"Naelewa, baba. Pole sana. Lakini nikiandika hivyo, kesho kitanda hiki nitalala mimi, na si kwa kuugua."

Akaandika, akagonga muhuri, akamkabidhi cheti bila kumtazama. Pazi akakisoma njia nzima kwa kidole, silabi moja moja, na alipofika nyumbani akakisoma tena akidhani kakosea. Hakuwa amekosea. Palikuwa pameandikwa: *Chanzo cha kifo: marehemu aliacha kupumua kwa sababu binafsi.*

"Sababu binafsi," akauambia ukuta. "Kama karani aliyeacha kazi."

Akatema mate nje ya mlango. Ndipo akaweka nadhiri. Siku ya arobaini ya Siwatu, hitma yake itasomwa kwenye mwanga, na si wa mshumaa, wala si wa wale wa serikali. Mama wa watu aliomba taa. Ataipata, ikiwa imechelewa siku arobaini.

*

Sokoni, nyuma ya wauza dagaa, palikuwa na kibanda cha Fundi Chiku, mwanamke wa miaka arobaini hivi aliyetengeneza redio, pasi na kila kitu kilichouawa na umeme usiokatika.

"Shikamoo, Mzee Pazi. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka taa ambayo haiijui serikali."

Chiku akatazama kushoto, akatazama kulia, akacheka na pua. "Ipo. Ina mabwana wawili tu, jua na betri. Na jua halina kadi ya chama."

Wakaelewana kwa magodoro mawili, moja la Chiku, moja la mama yake. Chiku akaja na vitu vyake kwenye toroli: paneli ya sola yenye upana wa sinia la pilau, betri fupi nzito kama jiwe la kusagia, taa tatu, waya, swichi, na kidude cha ukubwa wa mche wa sabuni kinachoitwa kontrola, chenye vijicho vitatu.

Akapanda juu ya bati mwenyewe, Pazi akimshikia ngazi.

"Huku kuna kivuli cha mpapai," akasema. "Usikidharau. Kivuli cha jani moja kinakula nusu ya chakula chote. Tunaihamishia kule jua linakoshinda. Na tunaiinamisha kidogo, mvua iteremshe vumbi. Vumbi lisiposhuka, panda ufute."

"Hata nguo za Siwatu sijazifua, nitafua kioo?"

"Utafua. Haya, nipe waya. Betri kwanza kwenye kontrola, halafu paneli, taa mwisho. Ukianza na paneli unaweza kuiunguza."

"Kama mgeni," Pazi akasema. "Kwanza kiti, halafu maji, ndipo umuulize habari."

"Umehitimu, mzee. Basi sikiliza. Hapa kwenye kontrola, jicho la kijani maana yake betri imeshiba. La njano, unakula akiba. Jekundu, zima ukalale. Taa zote tatu ukiwasha magharibi, zinakufikisha saa nne na kitu. Na usibane kitu kingine kwenye betri hii. Kiredio, sawa. Spika la mkutano, hapana. Spika lina tumbo la waziri."

Taa moja wakaifunga sebuleni, ya pili chumbani, ya tatu uani juu ya jiko. Jioni ile mtaa ulipozimika, Pazi akabonyeza swichi ya chumbani. Mwanga ukatoka mweupe, umetulia, hauna pupa. Akakaa kwenye kigoda, akatazama upande wa kitanda ambao godoro lake lilikuwa bado lina bonde la mtu.

"Haya," akasema. "Nione."

*

Kosa lake lilikuwa moja, na hakuna mtu wa nchi nyingine ambaye angeweza kulifanya. Mwenye taa yake hajui umeme wa wenzake umerudi saa ngapi. Mtaa unapiga "Upooo!", yeye amekaa na kigoda chake, hana la kushangilia.

Siku ya nne asubuhi akaja Mjumbe Lihame, mswaki mdomoni, daftari kwapani. Alikuwa mtu mnene mwenye woga mwembamba. Ukikohoa nyuma yake anasalimia.

"Hodi! Mzee Pazi, una ugomvi gani na taifa?"

"Karibu. Taifa lipi?"

"Usinitanie. Jumatatu umeme ulipokuwa... ulipokuwa upo zaidi, nyumba tisa zimeshangilia. Yako kimya. Jumanne mara tatu, kimya. Jana mara mbili. Nimeandika hapa: 'Nyumba ya saba, kimya kama kaburi.'"

"Nina msiba."

"Jirani yako ana misiba miwili na anashangilia vizuri kuliko wote."

"Basi sikujua kama umerudi."

Lihame akaziba masikio kwa viganja, mswaki ukaanguka. "Sijalisikia neno hilo! Sema upya."

"Sikujua kama upo."

"Utakosaje kujua upo, na wewe ulikaa ukiona kwamba haup..." Akajing'ata ulimi, jasho likamtoka. Akainua macho, akaiona paneli juu ya bati, inang'aa. "Yarabi. Kile nini?"

"Sinia. Naanika jua."

Kesho yake ikaja kamati. Ilikuwa Kamati ya Uchunguzi wa Ukimya, watu saba na gari mbili, na mwenyekiti wao alivaa miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba, akawa anajigonga kwenye milango. Wakayakata mapapai ya Pazi bila kuomba, wakayala wima, mbegu wakazitema kwenye sufi safi iliyoanikwa barazani. Kisha mwenyekiti akasafisha koo.

"Mwananchi. Serikali yako inakupa mwanga kwa upendo. Wewe umejitafutia mwanga wa pembeni. Raia mwenye taa yake ni kama mtoto mwenye chungu chake: leo anapika uji, kesho ataanza kuuliza sisi tulikula nini. Kwa nini umeweka kitu hiki?"

"Kwa ajili ya umeme ukika..."

Kalamu saba zikasimama hewani.

"Ukika nini?" akauliza mwenyekiti, taratibu.

Pazi akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na maji ya papai yakiwachuruzika videvuni. Alijisikia kama mtu aliyefungua mfuko wa sufi akakuta panya waliokufa. Lakini alikuwa na siku tisa tu mpaka arobaini, na mwenye siku tisa hagombani.

"Ukikaribia kunichosha kwa wingi wake," akasema.

Wakaandika hilo, liliwapendeza. Hata hivyo wakambandikia paneli karatasi nyekundu na hukumu: Jumatatu, siku ya kumi kutoka leo, kifaa kitang'olewa kwa gharama ya mwenyewe, na mwenyewe ataenda semina ya kushangilia.

Pazi akahesabu vidole. Arobaini ilikuwa Jumapili.

"Jumatatu njooni hata na tingatinga," akasema. "Jumapili nina shughuli."

Jua lilipoanza kulala akapanda, akaibandua karatasi, maana kivuli cha jani moja kinakula nusu ya chakula.

*

Jumapili ile ile, kama vile shetani ndiye mpanga ratiba, Mheshimiwa Lukumbulu alikuwa anakuja mtaani kwao. Madaftari yalionyesha kwamba mtaa ule unashangilia kuliko mitaa yote ya nchi, hadi mara tisa kwa siku, na Mheshimiwa alitaka kusimama uwanjani magharibi, taa zikimeremeta nyuma yake, aonekane moja kwa moja kwenye televisheni ya taifa akiupa mtaa cheti cha furaha.

Pazi hakuwa na habari naye. Tangu asubuhi betri ilikuwa inakula jua. Alasiri jicho lilikuwa kijani kama jani la mgomba. Akina mama walikuwa uani, Fundi Chiku akiwa kati yao anakoroga pilau. Sebuleni yametandikwa majamvi, na magharibi iliposaliwa Maalimu Shomvi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akagawa juzuu thelathini kwa wasomaji, kila mtu na yake. Mtaa ukazimika pale pale. Sebuleni hakuna aliyeinua kichwa. Taa ya Pazi ilikuwa inawaka, na sauti za kusoma zikapanda pamoja, zinavuma kama nyuki, na Pazi akakaa mlangoni akafumba macho. Kwa mara ya kwanza katika siku arobaini kifua chake kikashuka.

"Hodi, hodi, hodi!"

Alikuwa Lihame, shati limemgandia. Nyuma yake, kwenye uchochoro, ulisikika mlio wa viatu vya ngozi.

"Mzee Pazi, niokoe. Uwanjani kuna... uwanjani hakuna... Mheshimiwa yuko hewani baada ya dakika tano na haonekani hata meno!"

"Si ana magari kumi na mawili? Ayawashe taa."

"Ukimulika maana yake kuna giza la kumulikwa! Mzee, taa katika mtaa wote iko hapa tu."

"Hapa kuna hitma ya mke wangu."

"Nitakufuta kwenye daftari. Kurasa zote."

Pazi hakupata muda wa kujibu. Walishaingia. Walikanyaga majamvi na viatu. Waliwainua wasomaji kwa kuwashika makwapa, wakawasukuma uani gizani na juzuu zao zikiwa wazi mikononi, kwa sababu kijana mmoja wa itifaki alikuwa ameshazima taa ya uani na ya chumbani. "Mwanga wote uelekee kwa Mheshimiwa," akasema. Mheshimiwa mwenyewe akaingia kwa ubavu, tumbo likitangulia, akasimama chini ya taa ya Siwatu akajifuta jasho na pazia la Siwatu. Dereva akaja na spika la gari, akaiona betri pembeni, akabana vibanio vyake viwili, chwaa. Walinzi walishalifikia sinia la kwanza la pilau. Walikuwa wanakula kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi!" Spika likaunguruma mpaka bati likatetemeka. Watu wakajaa uchochoroni. "Tazameni taa hii! Tazameni weupe wake! Kuna wazushi, kuna mahasidi, kuna vibaraka wasiolala usiku..."

"Hawalali kwa joto, feni haizunguki," mwanamke mmoja akasema nje, watu wakamkohoa anyamaze.

Fundi Chiku akapenya mpaka kwa Pazi, upawa bado mkononi. "Mzee, tazama kontrola."

Jicho lilikuwa la njano.

"Bado kiasi gani?"

"Kwa taa, masaa. Kwa lile spika, dakika kumi. Halafu hutapata hata ya kuonea kiatu."

Pazi akatazama uani. Maalimu Shomvi alikuwa ameusogeza msahafu mpaka puani, anautafuta mstari. Wengine walikuwa wameinamisha vichwa, kurasa zao nyeusi. Arobaini ya Siwatu ilikuwa imekaa gizani, inasubiri, kama alivyosubiri mwenyewe.

"...kwa hiyo natamka mbele ya dunia," Mheshimiwa akainua kidole, mafuta ya pilau yakimeta kwenye kucha zake, maana na yeye alishaonja, "kwamba nchi hii haijapata kuwa na giza, haina giza, na wala haitakuwa na..."

*Washa taa nikuone.*

Pazi akapita katikati ya walinzi kama mtu anayekwenda kuchota maji. Akainama. Akang'oa kibanio kimoja, akang'oa cha pili. Spika likafa. Akanyoosha mkono ukutani, akabonyeza swichi ya sebule.

Giza likaingia likamalizia sentensi ya Mheshimiwa.

Hakuna aliyekuwa na daftari la kimya kama kile. Pazi akatembea kwa kupapasa, na nyumba yake aliijua. Akatoka mlango wa nyuma, akafika jikoni, akabonyeza swichi ya uani.

Mwanga ukawaangukia wasomaji, ukamwagika juu ya uzio wa mabati, ukaruka mpaka uchochoroni. Na mtaa mzima, ambao ulikuwa na mila yake kabla haujawa na serikali, ukasahau semina zote, ukasahau madaftari, ukafungua kinywa kimoja:

"Uuuwiii! UMERUDIII!"

Wanaosema husema, nami nakupa kama nilivyopewa, kwamba sauti iliyotangulia wote ilitoka sebuleni. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na ilikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtoto aliyekulia kwenye kibatari. Ilikuwa ya Mheshimiwa Daktari Lukumbulu. Na kamera, ambayo ina betri yake yenyewe, ilikuwa hewani.

Walipomtoa Mheshimiwa alikuwa ameuziba mdomo wake kwa viganja viwili, kama mtu aliyetapika mezani. Walinzi walimkamata Pazi mkono mmoja mmoja. Akawaomba wakae kidogo, wasomaji wamalize. Wakakataa. Akawaambia pilau bado lipo. Wakakaa.

Hitma ikahitimishwa kwenye mwanga. Maalimu Shomvi akaomba dua ndefu, akamtaja Siwatu kwa jina lake na la mama yake. Pazi akasema "Amina." Kisha akainuka, akazima taa, akatoa mikono.

*

Serikali ya nchi ile haikatai ukweli ukishaonekana kwenye televisheni, inautafutia mwenyewe. Ikiwa Waziri kasema umerudi, basi uliondoka. Ikiwa uliondoka, kuna aliyeuondoa. Na dunia nzima ilikwishamwona aliyebonyeza swichi. Wapelelezi wakakaa wiki mbili na kalamu zao, wakarudi nyuma miaka mitatu, wakaokota nyakati zilizoleta hasara tu, wakakuta kwamba mkono uliofanya mara moja hauwezi kuwa ulifanya mara moja tu. Pazi Mwinyikondo akashtakiwa kwa kuukata umeme wa taifa mara mia nne na kumi na mbili.

Vifaa vyake vikachukuliwa kuwa vielelezo. Betri, kontrola na taa viliwekwa dirishani mwa stoo ya mahakama. Stoo ilikuwa imejaa, hivyo paneli wakaiegemeza nje ukutani, juani, bila kuifungua waya zake. Wiki mbili serikali ikamchajia mshtakiwa betri pasipo kujua.

Siku ya kesi, ukumbi ulifurika. Fundi Chiku alikaa mbele. Lihame alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mahakama ile ilikuwa na madirisha kumi na manane, yote yamezibwa na picha kubwa za viongozi, kwa hiyo mchana na usiku ilitegemea taa. Vielelezo vikaletwa mezani. Hakimu, mama wa makamo mwenye kikohozi, akaweka miwani, akamwamuru karani asome mashtaka.

"Kosa la kwanza: kwamba wewe, Pazi Mwinyikondo, tarehe..."

Taa za mahakama zikazimika. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama.

Ukasikia viti vikilia, watu wote wakigeuka kwenye giza lile kumtazama mtu mmoja. Askari akawasha kiberiti, akakipeleka kizimbani. Pazi alikuwa amesimama, mikono imenyooshwa mbele, na kwenye mikono ile kulikuwa na pingu.

"Nipo hapa hapa, mheshimiwa," akasema. "Mniulize mengine."

Mtu akacheka nyuma, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Hakimu naye akakohoa, chake cha kweli.

"Karani, endelea."

"Sioni, mheshimiwa."

"Mshumaa je?"

"Uliliwa na panya, mheshimiwa."

Kisha sauti ya hakimu ikatoka, ya mtu aliyechoka: "Kuna anayejua kuwasha hicho kielelezo?"

Chiku akainuka. Akapapasa meza, akagusa swichi moja. Taa ya Siwatu ikawaka, nyeupe, imetulia, na kwenye kontrola jicho lilikuwa kijani. Watu walivuta pumzi, midomo ikafunguka, na Lihame kule nyuma akaifumba ya kwake kwa daftari. Karani akausogeza uso wake mwangani, akaanza kusoma. Makosa mia nne na kumi na mbili si mchezo. Alisoma shule ya fulani, akasoma kinu cha fulani, akasoma kisima cha maji. Watu walisinzia. Mchana ukaenda. Pazi hakusinzia.

"Kosa la mia tatu na themanini na nane. Kwamba wewe, Pazi Mwinyikondo, Jumatano, magharibi, katika hospitali kuu, wodi namba tatu, ulisababisha umeme kukatika, mashine ya hewa ikazimika, na kwa ajili hiyo mgonjwa Siwatu..."

"Hapo," Pazi akasema. "Soma tena."

Karani akamtazama hakimu. Hakimu akamwashiria asome.

"...umeme kukatika, mashine ya hewa ikazimika, na kwa ajili hiyo mgonjwa Siwatu binti Kombo akafariki."

"Imeandikwa kwa wino au kwa penseli?"

"Kwa wino."

"Muhuri upo?"

"Upo. Wa serikali."

Pazi akaingiza vidole vyenye pingu kwenye mfuko wa shati, akatoa cheti cha hospitali kilichokunjwa mara nne, kimeiva kwa jasho. Akakitupa sakafuni, akakikanyaga.

"Mshtakiwa," akauliza hakimu, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa, "unakiri au unakana?"

"Andikeni mtakavyo, mmezoea. Mimi naomba nakala yangu ya karatasi hiyo nikamsomee kaburini." Akaitazama taa pale mezani. "Ajue mmekiri. Mke wangu hakuwa na sababu binafsi."